Unono wa Sauti kwa Gharama Nafuu: Programu-Jalizi za Mshibo katika Muziki Unaorekodiwa Nyumbani

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna programu-jalizi za bei nafuu, pamoja na zile zinazotolewa bure, zinavyoweza kuipa sauti iliyorekodiwa nyumbani sifa zinazohusishwa na mitambo ya analojia. Inadai kwamba sifa hizo si siri iliyofichwa ndani ya mtambo ghali, bali ni mabadiliko machache ya wimbi yanayoelezeka kwa hesabu ya kawaida, na kwamba kiwango ambacho sauti huingizwa nacho katika programu huamua matokeo kuliko bei ya programu yenyewe. Aidha, inapendekeza istilahi mbili, mshibo na unono, kwa ajili ya mjadala wa mada hii kwa Kiswahili.

Istilahi muhimu: mshibo, unono, harmoniki, programu-jalizi, kurekodi nyumbani

1.0 Utangulizi

Msanii anayerekodi chumbani mwake leo, awe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, anahitaji vitu vinne: kompyuta, kadi ya sauti, kipaza sauti na programu ya kurekodi. Kwa vifaa hivyo anapata sauti safi kuliko ile waliyoipata mafundi mitambo wa Radio Tanzania Dar es Salaam walipokuwa wakirekodi bendi za dansi kwenye kanda za sumaku. Rekodi ya kompyuta haina mvumo wa kanda, haiyumbi kasi, wala haichakai kwa kunakiliwa. Pamoja na hayo, msanii huyohuyo akiusikiliza wimbo wake baada ya kusikiliza rekodi ya zamani ya Mlimani Park Orchestra, lalamiko lake huwa moja: sauti yake ni kavu.

Lalamiko hili lina gharama. Wapo wanaoahirisha kutoa kazi zao mpaka wapate fedha za kwenda studio kubwa. Wapo wanaonunua programu zinazoiga mitambo maarufu ya Studer au Ampex kwa fedha ambazo zingewapatia kipaza sauti bora. Wapo pia wanaopakua nakala zilizovunjwa kufuli na kuingiza virusi katika kompyuta iliyobeba kazi zao zote. Makundi yote matatu yanaongozwa na imani kwamba kinachokosekana kinauzwa, na kwamba kinauzwa ghali. Imani hiyo ndiyo inayojadiliwa hapa.

Ni vyema kutenganisha mambo mawili mapema. Sehemu kubwa ya utamu wa rekodi za dansi haikutoka kwenye kanda. Ilitoka kwa bendi nzima kupiga pamoja chumbani, magitaa yakipokezana na tarumbeta zikiitikia, wapigaji wakiwa wamekwisha kuupiga wimbo huo ukumbini mara nyingi kabla ya kuingia studio. Hakuna programu itakayomrudishia hayo mtu anayerekodi ala moja baada ya nyingine akiwa peke yake. Makala hii inahusu ile sehemu ndogo iliyobaki, yaani mchango wa mtambo.

2.0 Kuhusu jina

Waandishi wa Kiingereza huiita sifa hii joto, na wasanii wengi wa Afrika Mashariki wamelipokea neno hilo kama lilivyo. Kwa maoni ya mwandishi, neno hilo halikai vizuri katika Kiswahili. Mtu wa pwani hasifu joto; hulikimbia. Muziki katika lugha hii huleta burudani, na asili ya neno burudani ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa baridi. Anayeburudika amepoozwa moyo. Kusema kwamba rekodi inaburudisha kwa sababu ina joto ni kulazimisha sitiari mbili zipigane.

Neno analojia nalo lina historia yake. Watanzania wengi walilizoea wakati wa kuzimwa kwa mitambo ya televisheni ya analojia, kazi iliyoanza Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na tangu hapo mtaani limekuwa kejeli: mtu wa analojia ni mtu aliyepitwa na wakati. Hivyo prodyuza anayetafuta sauti ya analojia anakitafuta kile ambacho jirani yake angekiona tusi. Hili halina madhara, ila linaonesha kwamba istilahi zilizopo zimeokotwa tu.

Wasikilizaji wenyewe wana maneno yao. Sauti isiyopendeza huitwa kavu, nyembamba au kali. Inayopendeza huitwa nene, nzito, laini au iliyojaa. Maneno haya yanaelekea upande mmoja, ule wa lishe na mwili. Kwa hiyo makala hii inaita tokeo hilo unono. Kisababishi chake inakiita mshibo, kutokana na kitenzi shiba, kwa kuwa, kama itakavyoonekana, kanda, vali na transfoma hupokea nguvu ya sauti mpaka hatua ambayo haviwezi tena kupokea kwa uwiano uleule. Vimeshiba.

3.0 Mshibo hufanya nini

Katika kanda, sauti huandikwa kwa kuzipanga upya chembe za sumaku. Sauti ikiwa ndogo, sumaku inayobaki katika kanda hulingana na ukubwa wa mkondo unaoingia. Sauti ikizidi, chembe zilizobaki bila kupangwa huwa chache, na kila nyongeza ya mkondo huzaa nyongeza ndogo ya sumaku kuliko ile iliyotangulia. Kilele cha wimbi, ambacho kingekuwa kirefu na kikali, hulala na kuwa mviringo. Hapo hutokea mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni mbano: tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo hupungua. La pili ni kuzaliwa kwa harmoniki mpya, yaani masafa ambayo ni vigawe vya masafa ya msingi.

Anayesoma nota za solfa kanisani ataelewa jambo la pili upesi. Ikiwa sauti ya msingi ni do, harmoniki ya pili ni do ya juu, ya tatu ni so iliyo juu ya do hiyo, ya nne ni do nyingine, na ya tano ni mi. Kwa maneno mengine, mtambo ulioshiba huiongezea kila noti kwaya ndogo iliyo katika ufunguo wake. Sikio halizisikii harmoniki hizo kama noti zinazojitegemea. Linazisikia kama mwili wa noti ileile.

Aina ya mtambo huamua ni harmoniki zipi zitakazotawala. Kanda huuviringa upande wa juu na wa chini wa wimbi kwa usawa, na kwa hiyo huzaa harmoniki za witiri, ya tatu ikiongoza. Mafundi walipima kiwango cha juu cha kanda kwa kigezo hicho hicho: pale harmoniki ya tatu inapofikia asilimia 3. Vali moja ya triodi huupinda upande mmoja wa wimbi kuliko mwingine, na huzaa kwa wingi harmoniki ya pili, ambayo ni oktavu tupu. Ndiyo maana vali husifiwa kwa ulaini. Transfoma hushiba zaidi katika masafa ya chini, kwa kuwa kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo kiini cha chuma kinavyobeba sumaku nyingi zaidi kwa volteji ileile. Kanda ina mambo mengine mawili yanayotajwa sana: hupunguza masafa ya juu kabisa, hasa ikizungushwa polepole, na huinua kidogo eneo fulani la besi kutokana na umbo la kichwa cha kusomea. Haya mawili yanaweza kuigwa kwa kisawazishi chochote, hata kile kinachokuja bure na programu ya kurekodi. Msanii ambaye rekodi yake ni kali tu, bila kuwa nyembamba, pengine hahitaji mshibo. Anahitaji kupunguza kidogo masafa yaliyo juu ya 8,000 Hz.

4.0 Kiwango kabla ya bei

Tuchukue mlinganyo sahili wa mshibo: y = x − x³/3, ambapo x ni wimbi linaloingia na y ni linalotoka. Mlinganyo huu si mtambo wowote mahususi, lakini tabia yake ni ile ya mitambo yote yenye usawa wa juu na chini. Wimbi safi lenye kimo cha 0.5 likiingia, harmoniki ya tatu inayozaliwa ni takribani asilimia 2.2 ya sauti ya msingi. Wimbi hilohilo likishushwa hadi 0.25, yaani desibeli 6 tu, harmoniki ya tatu hushuka hadi takribani asilimia 0.5. Kupunguza nusu ya kimo kumepunguza robo tatu ya mshibo.

Tokeo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Tofauti kati ya programu ya bure na ya ghali, zikiingiziwa sauti ileile kwa kiwango kilekile, mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ndani ya programu moja baada ya kusogeza kitufe cha kuingizia kwa desibeli 6. Mtu anayesema programu fulani ni kali na nyingine ni tamu huenda amelinganisha viwango viwili, si programu mbili.

Upo mtego unaowanasa hasa wanaorekodi nyumbani. Wengi huambiwa warekodi kwa sauti kubwa, karibu na kilele cha dijitali. Mitambo ya analojia haikufanya kazi hivyo. Ilikuwa na kiwango cha kazi na nafasi kubwa juu yake. Pendekezo R68 la Umoja wa Utangazaji wa Ulaya linaweka kiwango cha ulinganifu kwenye desibeli 18 chini ya kilele cha dijitali, na programu nyingi zinazoiga mitambo zimetengenezwa zikitarajia kiwango kinachokaribia hicho. Sauti iliyorekodiwa kwa wastani wa desibeli 8 chini ya kilele huingia katika programu ya namna hiyo ikiwa imezidi kwa desibeli 10. Kinachotoka si unono bali mkwaruzo, na msanii huhitimisha kwamba programu ya bure haifai. Dawa ni kushusha sauti kabla ya programu na kuipandisha baada yake. Haigharimu chochote.

5.0 Mkunjo wa masafa

Lipo jambo moja ambalo mtambo wa analojia hauna na programu inalo, na hapa ubora wa uandishi wa programu huonekana kweli. Kompyuta inayorekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde haiwezi kuwakilisha masafa yaliyo juu ya 22,050 Hz. Harmoniki inayozaliwa juu ya mpaka huo haipotei; hujikunja na kurudi chini. Chukua mlio wa 9,000 Hz, wa namna inayopatikana kwa wingi katika kayamba na matoazi. Harmoniki yake ya tatu ni 27,000 Hz, ambayo hujikunja na kusikika kwenye 17,100 Hz; wengi hawataisikia. Harmoniki ya tano ni 45,000 Hz, nayo hurudi kwenye 900 Hz. Hii ni katikati ya sauti ya mwimbaji, na haina uhusiano wowote wa kimuziki na kayamba iliyoizaa. Mkusanyiko wa milio ya namna hii ndio unaosababisha ukavu uleule ambao msanii alikuwa akiukimbia.

Njia ya kuuzuia ni programu kuzidisha sampuli kwa ndani. Ikizidisha mara 4, mpaka hupanda hadi 88,200 Hz, na sehemu kubwa ya harmoniki hizo huchujwa kabla ya kurudishwa chini. Kompyuta hufanya kazi zaidi, na kwenye kompyuta ya zamani hilo linahisika. Msanii anaweza kuamua kuzidisha sampuli wakati wa kutoa wimbo wa mwisho tu.

6.0 Programu tatu na nusu

Katika programu zinazopatikana bila malipo, mwandishi anaona ya kufundishia zaidi ni ChowTapeModel ya Jatin Chowdhury. Inaiga kinasa sauti cha kanda cha Sony TC-260, na maelezo ya hesabu yake yaliwasilishwa katika mkutano wa kimataifa wa DAFx mwaka 2019. Kiini chake ni milinganyo ya Jiles na Atherton kuhusu namna chuma kinavyokumbuka sumaku iliyopita, kwa hiyo haiupindi wimbi kwa mkunjo mmoja usiobadilika. Hali ya sasa hutegemea hali iliyotangulia, kama katika kanda halisi. Msimbo wake uko wazi. Kwa mtafiti hili ni jambo kubwa: dai lolote kuhusu programu hii linaweza kukaguliwa na mtu yeyote, jambo lisilowezekana kwa programu ya kibiashara iliyofungwa. Ina kitufe cha kuchagua kiasi cha kuzidisha sampuli. Udhaifu wake ni wingi wa vitufe, anayeanza hupotea.

Saturation Knob ya kampuni ya Softube iko upande wa pili kabisa. Ina kitufe kimoja kikubwa na swichi yenye nafasi tatu, ambayo huamua kama masafa ya juu yalindwe dhidi ya mshibo, au ya chini yalindwe, au yote yachukuliwe sawa. Kulinda masafa ya juu kunafaa kwa sauti ya mwimbaji, kwani herufi kama s na sh hazikwaruzi. IVGI ya Klanghelm iko katikati: inaruhusu kubadili usawa wa juu na chini wa wimbi, yaani kusogea kutoka tabia inayokaribia ya kanda kuelekea ile inayokaribia ya vali. Anayeipenda anaweza baadaye kununua SDRR, ndugu yake mkubwa, ambayo bei yake bado iko mbali chini ya zile za waigaji wa Studer.

Ile nusu ni mkusanyiko wa Airwindows wa Chris Johnson. Ni nusu kwa sababu si programu moja bali mamia, zote bure, msimbo wazi, na zote bila pambo: hakuna picha ya vali inayowaka wala sindano inayocheza, ila vitelezi vyenye majina. Ukosefu huo wa sura ni faida. Mtu anayeona vali ikiwaka kwenye kioo huanza kusikia vali.

7.0 Mahali pa kutumia

Mshibo ukitumika kwenye ala moja, harmoniki zinazozaliwa ni za noti za ala hiyo. Ukitumika kwenye mchanganyiko wote, ala huanza kuzaliana zenyewe kwa zenyewe: noti mbili zikiingia, hutoka pia jumla na tofauti ya masafa yake. Sauti za 440 Hz na 554 Hz huzaa, miongoni mwa nyingine, 114 Hz na 326 Hz. Katika wimbo wenye gitaa moja na mwimbaji hili halidhuru. Katika taarabu, ambapo fidla, kanuni, akodiani na besi hutembea pamoja, mshibo mwingi juu ya mchanganyiko huleta ukungu. Ni heri kiasi kidogo kwa kila ala kuliko kiasi kikubwa mwishoni.

Besi inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hapa mshibo unafanya kazi isiyo na uhusiano na mapenzi ya zamani. Wasikilizaji wengi wa Bongo Fleva husikiliza kwa simu, na spika ya simu haiwezi kutoa besi ya 60 Hz. Mshibo huiongezea besi hiyo harmoniki za 120, 180, 240 na 300 Hz. Spika ndogo huanza kuzitoa zile za juu, na ubongo, ukikuta masafa yaliyopangika hivyo, huisikia besi ya msingi ambayo kwa kweli haipo hewani. Prodyuza anayepandisha besi kwa kisawazishi anaongeza kitu ambacho simu itakitupa. Anayeishibisha anaongeza kitu ambacho simu inaweza kukibeba.

Chumba nacho kina usemi wake. Mbano unaoletwa na mshibo hupunguza vilele. Vilele vikipungua kwa desibeli 6 na sauti ikarudishwa ilipokuwa, kila kilichokuwa chini, yaani feni, pikipiki ya nje, mwangwi wa kuta za saruji, kimepanda kwa desibeli 6 hizo. Ndiyo maana rekodi ya chumba kitupu huzidi kuharibika kadiri inavyoongezewa unono. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji na blanketi zito mbele ya dirisha hutangulia programu yoyote. Vilevile, vipaza sauti vingi vya uelekeo mmoja huongeza besi mwimbaji anapovisogelea. Kusogea kutoka sentimita 30 hadi 12 ni unono uliopatikana kabla kompyuta haijawashwa.

8.0 Namna ya kuhukumu

Sikio hupenda kilicho kikubwa. Programu ya mshibo karibu daima hupandisha sauti, na ongezeko la desibeli 1 tu linatosha kumfanya msikilizaji aseme imenona bila kutambua kwamba imekua. Kwa hiyo hukumu yoyote kuhusu programu hizi, iwe ya mtafiti au ya msanii, haina uzito mpaka viwango viwili, kabla na baada, visawazishwe kwa kipimo cha wastani wa sauti, si kwa kilele; mshibo hulaza vilele, na anayesawazisha kwa vilele huishia kuipandisha sauti iliyoshibishwa bila kujua. Baada ya kusawazisha, inafaa mtu mwingine abonyeze swichi ya kuwasha na kuzima huku msikilizaji amefumba macho, mara kumi au zaidi, na majibu yaandikwe. Anayeshindwa kutofautisha hahitaji programu hiyo kwa sauti hiyo, hata kama ni ya bure.

Kuhusu mvumo na kuyumba kwa kasi, ambavyo ChowTapeModel inavitoa kwa hiari, mwandishi hashauri vitumike ila kwa kusudi la pekee. Wimbo unaotumwa kwa simu hubanwa ili faili liwe dogo, na mvumo ni kitu kigumu kubanwa: hula nafasi ambayo ingebeba sauti ya mwimbaji. Mafundi wa kanda walifanya kila waliloweza kuuondoa.